Wiki ya orientesheni chuoni: mtoto lazima afike, au asubiri mnada wa korosho?

Mjomba wa Mahuta | Jumanne, saa 1:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Niende moja kwa moja.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, kachaguliwa chuo kikuu Dar. Udahili kashathibitisha kwa ile namba waliyomtumia kwenye simu. Barua inasema mafunzo elekezi kwa mwaka wa kwanza yanaanza Jumatatu ijayo, wiki nzima, masomo wiki inayofuata. Korosho zangu gunia kumi na moja ziko ghalani toka wiki iliyopita. Mnada Ijumaa, na hela ikiwahi sana ni katikati ya wiki ijayo. Mkononi nina laki moja na nusu.

Jirani yangu ana mtoto mwaka wa pili. Ananiambia hiyo wiki ni ya kupiga makofi ukumbini na kugawiwa kalenda. Kwamba mtoto akifika Jumatatu ya masomo hajakosa kitu, na mimi nitakuwa nimeokoa siku saba za kula mjini. Dada yangu hataki kusikia hilo, toka jana analia.

Naomba kujua, wiki ile ina kitu gani cha lazima? Na nasikia watoto wetu wa kusini, huku Mtwara na Lindi, kila mwaka ndio wanaofika wa mwisho. Ni kweli? Kwa nini?

Wajibu waliopita huko, sio waliosikia.

Kigoda Mbele | saa 1:46 usiku

Nimeshavuta kigoda. Ming'oko ipo, pilipili ipo, ndimu ipo. Waje wenye vyuo vyao.

Kimbweta Namba 3 | saa 2:05 usiku

Mkuu, jirani yako hajakudanganya ila kakupa nusu. Hiyo wiki ina mambo mawili yamefungwa kamba moja.

La kwanza ni hotuba. Mkuu wa chuo, mshauri wa wanafunzi, mtu wa maktaba, mtu wa bima, viongozi wa dini, serikali ya wanafunzi, kila mmoja na kipaza sauti chake. Hilo mtoto akilikosa jua litachomoza tu.

La pili ni usajili. Unabeba vyeti halisi na nakala zake, unapita dirisha hadi dirisha. Huku wanahakiki vyeti, kule wanapokea fomu ya daktari, pale wanaangalia malipo, mwisho unapigwa picha ya kitambulisho na kupewa namba. Bila hiyo namba, kwa chuo wewe hujazaliwa. Maktaba huingii, kozi huwezi kujiandikisha, na bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, husaini.

Sikufichi, usajili huendelea hata wiki ya pili. Ila wiki ya kwanza madirisha yote yanakuwa eneo moja na kuna watu wamewekwa kukuelekeza. Ukija wiki ya pili kila ofisi imerudi kwake. Hii iko huku, ile iko ng'ambo ya viwanja vya mpira, na mhusika "katoka kidogo".

Bibo Kavu | saa 2:11 usiku

Mnamtisha mzee wa watu bure. Mimi natokea Nachingwea, nilifika chuo siku ya kumi baada ya kufungua. Nilisajiliwa siku moja, foleni hakuna, wakati wenzangu walisimama juani siku mbili. Nimemaliza na GPA ya 3.8 na leo nina kazi. Mzee subiri mnada wako, usikope.

Tandika Mwisho | saa 2:20 usiku

Bibo Kavu, avatar yako ndiyo ile ile ya Facebook kwa hiyo nakujua. 3.8 haina ubishi. Sasa mmalizie mzee na ile sehemu uliyobebwa chumbani kwetu mpaka Januari, unalala mzungu wa nne na jamaa wa Singida kwenye kitanda cha futi mbili na nusu.

Bibo Kavu | saa 2:24 usiku

Duh, dunia kijiji. Hosteli zilikuwa zimejaa, ndugu yangu, ningefanyaje?

Tandika Mwisho | saa 2:25 usiku

Zilikuwa zimejaa siku ya kumi. Siku ya pili mimi nilichagua mpaka upande wa dirisha.

Kigoda Mbele | saa 2:27 usiku

😂😂 Hii ndiyo tuliyoifuata. Miguu ya jamaa wa Singida ilikuwa upande gani?

Mama wa Shangani | saa 2:52 usiku

Kaka yangu wa Mahuta, hujasema mpwa ni wa kike au wa kiume. Kama ni wa kike, mimi ningeuza hata kuku wote afike Jumapili. Nimesomesha wawili. Wa kwanza alichelewa, akakosa bweni, akapanga chumba nje na wenzie aliokutana nao siku hiyo hiyo. Chumba kilitafutwa na dalali aliyejitia mwenyeji wao, kijana wa mwaka wa tatu kumbe hata si mwanafunzi. Kodi ya miezi sita ikaenda hivyo hivyo, wakafika mlangoni wakakuta familia inaishi. Sitaki kukumbuka.

Wa pili nilimpakia mapema. Ndoo moja yenye mfuniko, kufuli mbili, kanga doti mbili, shuka, taulo, viatu vya kuogea, vya kike vya miezi mitatu. Hita na jiko la umeme usimpe, hosteli nyingi wanazichukua mlangoni. Na mkalishe chini umwambie habari za mafataki, wale wanaume watu wazima wanaorubuni mabinti. Hao wanaijua wiki ya wageni kuliko chuo chenyewe, magari yanajipanga nje ya geti kama daladala.

Mjomba wa Mahuta | saa 3:01 usiku

Ni wa kike, dada yangu. Ahsante. Sasa nimezidi kuogopa.

Mtu wa Kasulu | saa 3:04 usiku

Samahani, nauliza nje ya mada. Baba wa mtoto yuko wapi mpaka mjomba ndiye auze korosho?

Kigoda Mbele | saa 3:05 usiku

Mgeni huyo. Mpeni kiti.

Mwalimu wa Zamu | saa 3:19 usiku

Mtu wa Kasulu, huku kusini, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo kwa asili ulifuata upande wa mama. Baba yupo na ana heshima yake, lakini mtoto akiumwa, akitaka kuoa, akifaulu, linaulizwa jina la mjomba. Siku hizi dini na maisha ya mjini vimechanganya mambo, si kila nyumba iko hivyo. Ila huyo mzee hajipendekezi, ule ni mzigo wake.

Mjomba wa Mahuta | saa 3:26 usiku

Baba yake yupo Msimbati, anavua. Katoa samaki wakavu mfuko mzima na elfu thelathini. Simlaumu.

Nchuzi wa Nazi | saa 3:48 usiku

Wote mmezungumza hela, hakuna aliyezungumza majina. Mzee, kabla hujaulizia basi, tandika vyeti vyote vya mtoto mezani usome jina herufi kwa herufi. Nisikilize kisa changu.

Jina la babu yangu linaanza na ile sauti ambayo Mmakonde anaitoa puani na karani anaiandika atakavyo. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa N. Shuleni mwalimu akaona N si Kiswahili sanifu, akaandika M, na cheti cha kidato cha nne kikatoka na M. Kitambulisho cha taifa alikwenda kunisemea baba, wakafuata mdomo wake, ikawa Nn, N mbili. Mimi maisha yangu yote sikujua kama hilo ni tatizo. Tukiitana nyumbani yote ni yale yale.

Nikafika dirisha la kwanza la uhakiki. Dada wa pale akapanga karatasi tatu mstari mmoja, akaziangalia, akaniangalia. Akasema, "Kaka, hawa watu watatu wako wapi wengine wawili?"

Nyuma yangu foleni ikacheka. Nilitoka pale nikaanza kutafuta wakili wa kiapo katika mji ambao sijui hata choo kiko wapi. Nilisajiliwa siku ya sita. Lakini kwa sababu nilifika Jumatatu, siku ya sita bado nilikuwa ndani ya muda. Ningefika wiki ya pili na majina yangu matatu sijui ningekuwa wapi leo.

Kigoda Mbele | saa 3:51 usiku

Ntwara kuchele! Tangu leo jina lako Nnnchuzi.

Nchuzi wa Nazi | saa 3:53 usiku

Ongeza N moja nifungue kikundi cha ngoma.

Karatasi Tatu | saa 4:10 usiku

Naongezea kwa Nchuzi. Chuo kinakusajili kwa jina la cheti cha kidato cha nne, basi. Hilo ndilo jina lako la shule mpaka mahafali, kwa hiyo hati nyingine ndizo zinazolifuata. Tofauti ya herufi moja, kiapo cha wakili au cha mahakama kwa kawaida kinatosha. Kiapwe huku huku kabla ya safari, bei ya wakili wa mjini siku ya foleni si ya wilayani.

Sheria Mkononi | saa 4:22 usiku

Karatasi Tatu, kinatosha kwa baadhi. Kuna vyuo wanadai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, hasa jina zima likiwa tofauti, si herufi tu. Mdogo wangu alirudishwa na kiapo chake mkononi. Mzee asome barua ya kujiunga, kwa kawaida wanaandika wanachotaka.

Karatasi Tatu | saa 4:25 usiku

Mdogo wako jina lilikuwa tofauti zima au herufi?

Sheria Mkononi | saa 4:31 usiku

Alikuwa ameongeza jina la baba mlezi katikati. Sawa, nakubali kidogo.

Mjomba wa Mahuta | Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Nimetandika vyeti mezani saa hizi kabla ya chai. Namshukuru Mungu, vyote vinasema jina moja. Cheti cha kidato cha sita bado, ana karatasi ya matokeo tu. Inakubalika?

Kimbweta Namba 3 | saa 1:02 asubuhi

Inakubalika mkuu, waliomaliza mwaka huu wote wako hivyo. Cheti cha kidato cha nne ndicho kisikosekane, kile halisi, si nakala. Na fomu ya daktari ajaziwe leo au kesho. Kuna vipimo vya damu, mkojo, macho, pengine picha ya kifua, na wanataka mhuri wa hospitali ya serikali. Usimwache ajaze Ijumaa mchana, daktari akiwa kwenye upasuaji ndio basi tena. Picha ndogo apige kama nane, wengi wanataka nyuma iwe bluu.

Dalali wa Mawazo | saa 1:40 asubuhi

Mnamchosha. Mzee, jambo kubwa ni bumu. Mtoto akisaini tu, siku kwa 8,500, wanampa ya miezi miwili, anajitegemea. Kazi yako ni kumfikisha siku ya kusaini.

Chuno Kwetu | saa 1:58 asubuhi

8,500 ni ya zamani, Dalali. Toka mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni laki sita. Na haiingii siku ya kwanza. Kwanza usajiliwe, kisha jina lako litoke kwenye orodha ya chuoni, kisha uweke kidole. Mwenye bahati anapata wiki ya pili, asiye na bahati ya nne. Kwa hiyo mzee amwekee hela ya kula ya mwezi, sio ya wiki. Na bima kama hana kadi, mimi nililipa 50,400 kwa mwaka.

Malipo yote yapitie kontroli namba. Mtu akimwambia "nitumie kwenye simu nikusajilie" akimbie.

Dalali wa Mawazo | saa 2:03 asubuhi

Nimezeeka. Enzi zetu 8,500 ilikuwa hela.

Mwalimu wa Zamu | saa 3:30 asubuhi

Nirudi kwenye swali lake la mwisho maana limerukwa. Nafundisha kidato cha sita, Lindi. Ndiyo, wanangu wengi wanafika chuo wiki ya pili. Kila mwaka nawaona bado wako mtaani wakati vyuo vimefungua. Mimi naona sababu ni mkopo. Bodi ya Mikopo inatoa majina kwa awamu. Asiyejiona awamu ya kwanza anakaa nyumbani kusubiri ya pili, kisha ya tatu, kisha rufaa. Hataki kwenda kudaiwa ada asiyokuwa nayo. Ukimwambia nenda ukasajiliwe kwa kiasi ulichonacho, mkopo utakukuta huko, anakuona unamtoa kafara.

Gunia Themanini | saa 3:55 asubuhi

Mwalimu kwa heshima, mkopo unasubiriwa nchi nzima. Mbona wa mikoa mingine wanafika? Sababu ni kalenda ya korosho. Vyuo vinafungua mwezi wa kumi kwenda wa kumi na moja, na minada inaanza mwezi wa kumi. Yaani mtoto anaitwa wiki ile ile baba ana gunia ghalani na mfukoni hana nauli. Septemba ndiyo mfuko umekauka kabisa, hela yote iko mtini au kwenye salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Zamani kabla ya stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kupeleka ghalani na kusubiri mnada, ulikuwa unauza hata zikiwa juu ya mti. Mwaka 2006 baba alimwita mtu wa kangomba, mnunuzi wa mtaani anayepima kwa bakuli, shambani ili kaka aende chuo. Nakumbuka lile bakuli. Jamaa analijaza, analitikisa, korosho zinashuka, anaongeza nyingine juu mpaka zinamwagika, anasema "kilo hiyo". Yakaondoka magunia manne kwa bei ya mawili. Kaka alifika chuo siku ya kwanza, kavaa viatu vipya. Sisi Februari tulikula muhogo na chumvi.

Leo kangomba ni kosa, na bei ya mnada ni nyingine kabisa, msimu wa 2024/25 ilipita 4,000 kwa kilo. Ila mnada una siku yake, haujui kama mtoto kaitwa chuo.

Mama wa Shangani | saa 4:12 asubuhi

Gunia Themanini umenirudisha mbali. Lile bakuli nyumbani kwetu tuliliita "kaburi".

Vumbi la Mnivata | saa 5:20 asubuhi

Na barabara je? Mtu wa Mahuta mpaka Mtwara mjini alikuwa anakula vumbi hadi Mnivata ndipo akanyage lami. Halafu Mtwara hadi Dar zaidi ya kilomita 500. Na barabara ya Dar ikikatika pale Somanga ndiyo kabisa, mdogo wangu alizunguka Masasi, Tunduru, Songea, Iringa ndipo akaingia Dar. Watu wanachelewa kwa sababu ya njia.

Chuno Kwetu | saa 5:31 asubuhi

Somanga ile ya kimbunga Hidaya ilikuwa Mei 2024, Vumbi. Vyuo havifungui Mei. Na lami ya Mtwara hadi Mnivata ipo, kinachojengwa ni kuanzia pale kwenda Tandahimba, Newala mpaka Masasi.

Vumbi la Mnivata | saa 5:34 asubuhi

Ndicho nilichosema, vumbi MPAKA Mnivata. Soma taratibu. Hiyo ya Mei nakupa.

Wa Kwanza Kwetu | saa 6:48 mchana

Mimi nina sababu nyingine na hamtaipenda. Korosho, mkopo na barabara ni kweli, lakini hata mwenye hela anachelewa kwa sababu hana wa kumwambia. Kwetu Nanyumbu nilikuwa wa kwanza kukanyaga chuo kikuu, ukoo mzima. Nani angeniambia kwamba "mafunzo elekezi" ni siku ya kugawana vyumba? Mimi nilidhani ni sherehe ya ufunguzi, na mtu huendi sherehe na sanduku. Mtoto aliyezaliwa karibu na chuo ameshamsindikiza kaka yake mara tatu, hata mlinzi wa geti anamjua.

Na lile la hotuba, Kimbweta, sikubaliani na wewe. Kule ukumbini ndiko walikosema kwamba mtihani wa mwisho ni 60 na kazi za darasani 40, na kwamba chuoni kwetu usipofikisha 16 kati ya hizo 40 mtihani wa mwisho hauna maana. Mimi nilikuwa bado nyumbani, Mangaka. Nilikuja kujua wiki ya tisa, nina 11. Nikarudia somo zima mwaka uliofuata. Neno "carry", yaani kubeba somo la kurudia, nililisikia kwa mara ya kwanza likiwa langu.

Kimbweta Namba 3 | saa 7:10 mchana

Nimeelewa. Ila yale yako kwenye kitabu cha mwongozo, unapewa au unakisoma mtandaoni.

Wa Kwanza Kwetu | saa 7:13 mchana

Kitabu kurasa 200 kwa Kiingereza, nimetoka Mangaka na simu ya tochi. Sawa.

Bibo Kavu | saa 7:30 mchana

Mnasema yote hayo, mimi nasema ni mwendo wetu tu. Mtu wa kusini hata msibani anafika siku ya pili.

Mwalimu wa Zamu | saa 7:41 mchana

Wanafunzi wangu hao hao wanaambiwa basi la mpira linaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa kumi wako getini. Tafuta lingine.

Mtu wa Kasulu | saa 8:15 mchana

Kwani kusini hakuna chuo kikuu mpaka mtoto apelekwe Dar?

Chikongola Yetu | saa 8:29 mchana

Vipo mzee. Stella Maris hapa Mtwara ni tawi la SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, mimi nimesoma hapo, nalala nyumbani, nauli ni bodaboda. Chuo Kikuu Huria wana vituo Mtwara na Lindi. Na UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanajenga kampasi Lindi, ya kilimo, kwa ule msaada wa Benki ya Dunia.

Chuno Kwetu | saa 8:36 mchana

Si msaada, ni mkopo. Mradi wa HEET wa elimu ya juu, dola milioni 425, umeanza 2021, na vyuo vya umma karibu nchi nzima vimo. Lindi ni sehemu yake.

Chikongola Yetu | saa 8:38 mchana

Kumbe na serikali nayo inasubiri bumu.

Tandika Mwisho | saa 9:05 alasiri

Turudi kwa mzee. Mzee wa Mahuta, swali dogo. Hiyo laki moja na nusu haitoshi kwa nini? Nauli ya mtoto mmoja haimalizi hata nusu.

Mjomba wa Mahuta | saa 11:50 jioni

Nimetoka ghalani ndio nafungua. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na mimi kurudi. Na malazi siku mbili.

Tandika Mwisho | saa 11:54 jioni

Basi umejibu mwenyewe. Inayokula hela ni kusindikiza. Ndugu Mbagala huna?

Kigoda Mbele | saa 11:55 jioni

Mmakonde asiye na ndugu Mbagala! Hiyo ndiyo ingekuwa habari ya uzi.

Mjomba wa Mahuta | saa 12:20 jioni

Nina shemeji Mbagala Kizuiani. Anaweza kumpokea stendi na kumpa pa kulala hiyo Jumapili.

Niseme ukweli. Nilitaka nimfikishe mwenyewe. Katika ukoo huu hakuna aliyefika hapo, na mimi niliishia darasa la saba. Nilitaka nilione hilo geti.

Mama wa Shangani | saa 12:27 jioni

Kaka yangu. Geti halihami. Mpeleke baada ya mnada, umkute tayari ana chumba, akutembeze yeye.

Gunia Themanini | saa 12:40 jioni

Mimi ningesindikiza hata kwa mkopo. Siku ile kaka anaondoka baba alibaki kwenye mti wa korosho, mpaka leo anaisema.

Wa Kwanza Kwetu | saa 12:52 jioni

Na shemeji wa Mbagala anajua chuo kilipo? Kutoka Kizuiani unaweza kubadili daladala mbili. Jumatatu watoke saa kumi na moja, sio saa mbili. Foleni ya usajili ya saa mbili ni ya saa nane.

Bibo Kavu | saa 1:10 usiku

Bado nasema angesubiri. Anaenda kukaa juani siku mbili na hela ya ada hana, watamwambia rudi ukiwa nayo.

Kimbweta Namba 3 | saa 1:16 usiku

Vyuo vingi wanapokea ada kwa awamu, Bibo. Apige simu ile namba iliyo chini ya barua, aulize kiwango cha chini cha kuanzia. Kama mkopo wake una asilimia fulani ya ada, aende na uthibitisho wake umechapwa.

Mjomba wa Mahuta | Ijumaa, saa 4:05 usiku

Wakuu, mrejesho. Mnada umefanyika, bei nzuri, hela ndiyo bado. Fomu ya daktari imepigwa mhuri jana. Mtoto anapanda basi Jumapili alfajiri pale stendi, yeye na samaki wa baba yake. Mimi nabaki na gunia zangu. Dada kaacha kulia kwa ajili ya wiki, sasa analia kwa ajili ya safari.

Nimebakiwa na moja. Godoro la futi tatu limeshanunuliwa Tandahimba, limefungwa kamba. Anaenda nalo?

Tandika Mwisho | saa 4:09 usiku

Mzee wangu. Nilisema huko juu kitanda ni futi mbili na nusu.

Bibo Kavu | saa 4:11 usiku

La futi tatu linaingia. Unalikunja upande wa ukutani. Mimi najua.